Chupa ya Jengo Zima

Aswan, 6 Novemba 1993

Mama yangu,

Nakubusu mkono na paji la uso. Nimefika mzima. Treni ilichelewa kwa saa tano, na mwanamke aliyekaa mbele yangu alinisimulia maradhi ya ng'ombe wake kuanzia Kairo mpaka Luxor. Nimepewa kitanda katika bweni la wauguzi. Dirisha linatazama ukuta, ila ukuta wenyewe ni msafi.

Kazi nimeianza juzi. Nazunguka vijijini na picha kubwa za kuning'iniza, nawafundisha wazazi magonjwa ya watoto: mafua yapi yanapita yenyewe, homa ipi ya kukimbiza hospitali, antibiotiki ni ya nini na si ya nini. Akina mama wanakuja. Akina baba wanasimama mlangoni wakijifanya wanapita njia.

Sasa nisikilize, Mama, na usiniambie nakufundisha mimi niliyenyonya kwako. Nimekuachia Ziyad miezi mitano kwa sababu baba yake yuko Libya na mimi sina pa kumweka. Ana miaka minne, atashikwa na mafua, na mafua ya mtoto karibu yote yanaletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi hata umnyweshe pipa. Inaua bakteria, na ukiichezea, bakteria wanaizoea, siku mtoto anaihitaji kweli haimfai kitu. Na zile chupa za unga zikishatiwa maji, wiki moja au mbili ni za kutupwa. Hazingoji mjukuu mwingine mwakani.

Mlango wa friji yako naujua, Mama. Nimekua mbele yake.

Kwa hiyo nasema wazi: nikisikia Ziyad amepewa kijiko kimoja cha antibiotiki bila daktari kumwona, napanda treni, namchukua, analala na mimi kitanda kimoja hapa bwenini, na wakitaka wanifukuze kazi. Nakuambia mapema ili tusije tukagombana baadaye.

Nimetia ndani karatasi yenye dalili za hatari. Ibandike mahali utakapoiona. Na usinipigie kwa simu ya Dakta Wagih wa duka la dawa hapo chini, jengo zima linakuja kusikiliza. Andika.

Binti yako,
Safinaz

*

Dumyat, 19 Novemba 1993

Kwa Safinaz binti wa marehemu Abdulmuti fundi vitanda, ambaye siku hizi amekuwa profesa,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama hasira zitakuwa zimeisha.

Ziyad hajambo. Anakula majimbi, anakula jibini, anakula na sahani ya jirani. Kwa mafundi seremala huko chini amejifunza matusi matatu, mawili nimeyafuta. Anakuulizia asubuhi, ikifika adhuhuri ananiulizia mimi hata kama niko mbele yake. Tangu baba yako afariki nyumba hii ilikuwa imenyamaza kabisa. Sasa navunjiwa vikombe na nafurahi.

Tuje kwenye friji. Friji yangu ina jibini, zeituni na heshima. Zile chupa unazozisema si zangu, ni amana. Mtoto wa jengo hili akipata homa, mama yake ananunua dawa, homa ikishuka anasimama hapo hapo. Hamalizi. Mwenye kumaliza chupa peke yake ni mlafi, hajui kuna watoto wengine juu yake na chini yake. Kilichobaki kinaletwa kwangu ghorofa ya nne kwa sababu friji yangu ndiyo inayogandisha sawasawa. Wa ghorofa nyingine akikohoa, nateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, chupa na kijiko ndani, wanampa, kikapu kinapanda. Miaka kumi na tisa tunaishi hivyo. Watoto wote wamekua, isipokuwa Rushdi wa ghorofa ya pili ambaye mwili umekua akili imebaki, na hilo si kosa langu, ni la upande wa mama yake.

Unataka nizimwage kwenye sinki? Mkate ukianguka tunauokota tunaubusu, halafu shifaa ya Mungu ndiyo niimwage pamoja na maji ya vyombo? Astaghafirullah. Huko Aswan mmefundishwa hivyo?

Lakini mtoto ni wako. Nakupa neno langu: Ziyad hataonja hata tone. Karatasi yako nimeiweka mahali pazuri sana.

Haya, salamu.

Mama yako,
Hajati Inshirah

*

Dumyat, 8 Desemba 1993

Bi Safinaz mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimejibanza nyuma ya kabati la vipodozi la duka langu, kwa kuwa Hajati ameketi kwenye roshani yake juu ya kichwa changu hasa, na mama huyu anaona mpaka wino. Tafadhali barua hii ichome.

Jana kikapu kiliteremka. Ndani mlikuwa na kikaratasi: "Wagih, nipe antibiotiki ya mtoto, ile ya rangi ya waridi, kali. Si ya Ziyad." Kabla sijamaliza kusoma nikasikia juu mtu anapiga chafya mara nne. Kwenye roshani hiyo wanakaa watu wawili tu, na Hajati hapigi chafya ya vile.

Nikamwandikia kwamba siku hizi nataka karatasi ya daktari. Kikapu kikapanda. Kikateremka tena na picha ya harusi yangu, ile ambayo yeye amekaa mbele katikati. Hakuandika neno. Wewe unajua ni yeye aliyenitafutia mke, akazungumza na wakwe, akawatuliza waliposikia nauza dawa na si daktari. Ningefanya nini, Bi Safinaz? Watu wananiita dakta mtaa mzima, lakini mbele ya Hajati mimi ni Wagih mwana wa Tadros aliyekuwa akilowesha kitanda.

Nikafanya hivi. Nilimwona Ziyad kwa macho yangu: kamasi, kikohozi kidogo, anacheza, anakula, homa hana. Mafua tu. Basi nikachukua chupa tupu, nikatia maji yaliyochemshwa, sukari, rangi ya waridi na ladha ya ndizi. Nikaandika juu yake kwa kalamu nene: KALI SANA, KIJIKO KIMOJA MARA TATU. Nikamwambia ni mpya, imetoka Uswisi. Naapa kwa Bikira Maria haina madhara yoyote, isipokuwa kwa meno.

Nadhani nimefanya jambo la busara. Niambie kama nimekosea, lakini kwa upole.

Wako kwa heshima,
Wagih Tadros

*

Aswan, 17 Desemba 1993

Dakta Wagih,

Kwa upole: umekosea. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nalia, halafu nikakaa na kufikiri, na kicheko kikaniisha. Mama sasa anaamini ana dawa kali mkononi. Siku mtoto akiugua kweli atampa hiyo kwanza.

Ungemwambia tu hapana. Lakini sina uso wa kukulaumu, maana mimi mwenyewe nimekaa hapa na kalamu tangu jana na nimeshindwa kumwandikia. Nikimwambia, itabidi nifanye nilichosema, nimchukue Ziyad, na Mama atakufa kwa upweke. Na wewe utahama mtaa.

Tunyamaze kwanza. Mafua yatapita kabla barua hii haijafika. Itakapokwisha chupa hiyo, usimjazie nyingine. Naomba sana.

Safinaz

*

Dumyat, 22 Desemba 1993

Mwanangu Safinaz,

Salamu nazitanguliza leo, nimeamka vizuri.

Ziyad hajaumwa hata siku moja. Hajapiga hata chafya. Na hata kama angeumwa, sisemi aliumwa, angepona kwa siku sita akawa na nguvu kuliko mwanzo.

Nakupa habari za jengo. Dakta Wagih ameleta dawa mpya kutoka Uswisi. Weee, mwanangu, hiyo ndiyo dawa! Mafua yaliingia hapa tangu mwanzo wa mwezi, wakaugua watoto saba. Nimewanywesha wote kwa kikapu, wakapona wote saba, na safari hii hawakuharisha kama walivyokuwa wakiharisha kwa zile za zamani. Wanaipenda. Rushdi alilia aongezwe. Baba yake naye akainywa kwa ajili ya mgongo, anasema kuna nafuu. Chupa ilikwisha siku ya tatu, Wagih akasema hana nyingine, sijui amepatwa na nini, ana uso kama aliyeiba msikitini. Nikamtumia ile picha. Akaleta mbili.

Sasa nijibu, profesa. Wewe unawaambia watu wa Aswan mafua yanapita yenyewe. Mbona hapa yamepita kwa dawa? Waambie hao wakubwa zako waje wajifunze Dumyat.

Mama Rushdi anasema ningesoma ningekuwa waziri wa afya. Ni mara ya kwanza nimesikia neno la akili kutoka ghorofa ya pili.

Mama yako,
Hajati Inshirah

*

Aswan, 3 Januari 1994

Mama yangu,

Nakubusu mkono. Nafurahi Ziyad ni mzima.

Watoto saba wa mafua wangepona saba hata wangenyweshwa chai, Mama. Wiki moja, siku kumi, yanakwisha. Ndiyo maana kila mtu anaamini dawa yake: wa kitunguu anaamini kitunguu, wa antibiotiki anaamini antibiotiki. Hili nalisema kila siku kwenye darasa langu, na kila siku kuna mtu anayeguna.

Jana mwanamke mmoja aliinuka akaniuliza mbele ya wote: "Na mama yako wewe, nesi, anafanyaje?" Nikasema mama yangu hana hata chupa moja ndani ya nyumba. Nimesema uongo mbele ya wanawake thelathini na moja, na uso ukaniwaka.

Kama kuna jambo unataka kuniambia, niambie. Sitapiga kelele.

Kesho navuka mto kwenda vijiji vya mbali, nitakuwa nakwenda na kurudi wiki mbili. Barua zitanisubiri bwenini.

Safinaz

*

SIMU YA MAANDISHI. Dumyat, 15 Januari 1994

ZIYAD AMELAZWA KICHOMI. ANAPUMUA VIZURI LEO. DAKTARI ANA MATUMAINI. USIJE NA HASIRA. NUSU NI KOSA LANGU. WAGIH

*

SIMU YA MAANDISHI. Aswan, 16 Januari 1994

NIMEPATA SASA HIVI. NAPANDA TRENI YA JIONI. FUNGENI NGUO ZAKE. SAFINAZ

*

Dumyat, 29 Januari 1994

Safinaz mwanangu,

Ulikuja, ukakaa siku nne, ukaniambia maneno sita. "Nguo ziko wapi," "asante," na "kwaheri, Mama." Halafu ukamchukua. Sikukuzuia, ulikuwa umeniambia mapema. Tangu mwende sijateremsha kikapu. Vikombe vyote ni vizima na sina hamu ya kunywa chai.

Pale hospitali hukuniuliza na mimi sikukueleza. Sasa nakueleza yote, hata yale ya aibu, usome mpaka mwisho.

Mwezi wa Desemba Ziyad alipata mafua nikakuficha. Nilimpa dawa ya Wagih, akapona, kichwa kikanivimba. Tarehe kumi na mbili Januari, Jumatano, akapata homa. Safari hii hakucheza. Nikasema dawa ipo. Nikampa Jumatano, nikampa Alhamisi, vijiko vitatu vitatu, na kila nikimpa moyo unatulia, najiona nimetimiza wajibu. Ijumaa asubuhi akakataa maji. Nikaweka mkono kifuani mwake, kifua kinakwenda mbio mbio.

Ile karatasi yako, nilikuambia nimeiweka mahali pazuri. Niliitandika chini ya sinia la samaki. Nikaivuta, imelowa mafuta, mwandiko unasomeka. Umeandika: mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, zikifika arobaini mkimbize hospitali. Nikachukua saa ya baba yako. Hamsini na mbili. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Hamsini na nne. Umeandika: tazama chini ya mbavu kama panaingia ndani anapovuta pumzi. Nikamfunua shati. Palikuwa panaingia, Safinaz. Panaingia kwa kila pumzi. Nikambeba kama nilivyo, na nguo ya nyumbani, kiatu kimoja changu kimoja cha marehemu.

Daktari ni kijana, hata ndevu hazijakaa vizuri. Akaniuliza: "Amekunywa dawa gani?" Nikasema hakunywa kitu. Akaniuliza tena, taratibu: "Mama, nikijua alichokunywa nitajua cha kumpa." Hapo nikatoa chupa mfukoni nikamwambia antibiotiki ya Uswisi, kali, siku mbili. Akainusa. Wakati huo huo mlango ukafunguka kwa kishindo, ni Wagih, amekimbia kutoka dukani na ndala, koti la duka limeenda upande, anapiga kelele mbele ya wagonjwa wote: "Ni sukari! Daktari, ni sukari na ndizi! Hajanywa dawa yoyote! Niueni mimi!" Na Mama Rushdi alikuwa nyuma yake, bila shaka. Huyo hakosi mahali.

Ungeniona! Nilitaka kumvua Wagih ndala nimpige nayo. Nikamwambia: "We mwana wa Tadros, umenipa maji ya sukari nimpe mtoto mwenye kichomi?" Akajibu kwa kulia. Daktari akatutuliza wote wawili kama watoto wa chekechea, akamwekea Ziyad oksijeni na sindano. Baadaye nikamwambia: "Laiti ningempa ile ya kweli, nina ya mwaka jana kwenye friji." Akasema: "Ya kweli ya mwaka jana, aliyobakiza mtoto mwingine kwa ugonjwa mwingine, isingekuwa bora kuliko hii ya uongo. Na zote mbili zimekupa kitu kimoja, Hajati. Zimekupa subira mahali ambapo ulitakiwa kukimbia." Nilitaka kumjibu. Badala yake nikarudi kumhesabu Ziyad pumzi.

Sasa lile ambalo hulijui. Kaka yako Hamdi jina lake umelisikia. Kilichomuua hukukisikia, kwa sababu mimi na baba yako hatukuwahi kukitaja. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, siku za vita, Port Said inawaka na sisi tunasikia mizinga. Alikuwa na miezi saba. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani vile vile. Maduka ya dawa yote yamefungwa. Baba yako alitembea mji mzima anagonga milango akiomba kilichobaki, chochote, kijiko kimoja cha mtoto wa mtu. Alirudi mikono mitupu. Mimi nilimshika Hamdi mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo sijamwaga dawa. Kila chupa iliyobaki nilikuwa namwekea mama mmoja atakayegonga mlango. Sisemi nilikuwa na haki. Nasema hivyo ndivyo ilivyokuwa, na miaka thelathini na saba niliona nafanya jambo jema kuliko mengine yote niliyofanya. Kumbe nilikuwa nawanywesha watoto wa watu dawa zisizo zao. Linaniuma, mwanangu. Linaniuma sana.

Nirudishie Ziyad. Sijakuomba kitu tangu uzaliwe, hata glasi ya maji nakuamuru. Leo naomba. Ukisema hapana nitalia kidogo na nitakuelewa.

Mama yako,
Inshirah

*

Aswan, 9 Februari 1994

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwenye uwanja wa bweni, na Ziyad ananivuta sketi. Halafu nimekaa chini kwenye vumbi nikalia mpaka msimamizi wa bweni, ambaye wiki mbili hizi alikuwa akinitishia kunifukuza kwa ajili ya mtoto, akaniletea chai.

Nina jambo la kukuambia, na si jepesi. Nilijua. Wagih aliniandikia tarehe nane Desemba. Nilijua ya kikapu, ya picha ya harusi, ya sukari na ndizi, yote. Nikamwambia tunyamaze. Mimi niliyekuwa nasimama kila siku na picha zangu nikiwaambia wanawake kwamba hatari ya dawa isiyofaa ni kumfanya mzazi angoje, nilijua mama yangu ana dawa isiyofaa, na niliogopa kukuudhi. Nilipokuja Dumyat nikakuadhibu kwa kimya, nusu ya hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe. Nisamehe.

Ziyad alimaliza dawa yake ya kunywa, mpaka siku ya mwisho aliyosema daktari. Amenenepa na ananiamuru kama wewe.

Jana nilikuwa na darasa, wanawake arobaini. Niliacha picha zangu ukutani, nikawasomea barua yako, kuanzia ile karatasi ya samaki mpaka Hamdi. Sikutaja jina. Nilipofika kwa Wagih na ndala walicheka wakashikana. Nilipofika kwa Hamdi wakawavuta watoto wao karibu. Nikamaliza, nikakunja karatasi. Bibi mmoja mzee aliyekaa nyuma kabisa, hajawahi kusema neno tangu Novemba, akainuka, akaingiza mkono kifuani mwa nguo yake, akatoa chupa ndogo imefungwa kwa kitambaa, akaiweka mezani kwangu. Akasema: "Mimi wa kwangu aliitwa Saadia." Akarudi akakaa. Tangu jana wameniletea chupa kumi na tisa.

Tarehe kumi na nane namleta Ziyad. Atakaa kwako mpaka nimalize. Sikupi sharti lolote, Mama. Sharti la kwanza nilikupa, ukanificha, na mimi nikakuficha, na mtoto akalipia. Niandikie tu ya kweli.

Safinaz wako

*

Dumyat, 4 Machi 1994

Safinaz,

Barua yako imechelewa mpaka Jumatano hii, umeshamleta Ziyad na kurudi zako. Kumbe ulijua! Ebo! Ulijua na ukaja ukanikalia kimya siku nne kama kadhi? Nimekasirika siku mbili nzima. Nimekasirika wakati wa kupika, wakati wa kuswali nimejizuia, nikaendelea baadaye. Wagih nimemsamehe kwa sharti kwamba kila mama anayekuja na kikapu amwambie hapana kwa sauti, nisikie mimi huku juu. Anawaambia hapana mpaka wanaotaka shampuu. Wewe nimekusamehe leo asubuhi.

Na jambo jingine. Umewasomea wanawake arobaini barua yangu bila kutaja jina? Kwa nini bila jina? Habari yote ni yangu, aibu yote ni yangu, halafu waniite "mama mmoja"? Ukirudia, sema Hajati Inshirah wa Dumyat, jengo la mafundi, ghorofa ya nne.

Mama Rushdi amenuna. Alinipigia kelele ngazini kwamba nimekuwa bahili uzeeni, Rushdi anakohoa na mimi nakaa juu ya dawa. Nikamwambia panda ujionee. Akapanda, nikamfungulia friji: jibini, zeituni, nusu ya tikiti. Zile chupa zote nilimpa Wagih azitupe anavyojua yeye. Nikamkalisha Mama Rushdi kitini na saa ya baba yako, nikamfundisha kuhesabu pumzi za mwanawe. Alikosea mara tatu. Mara ya nne akapata ishirini, akanikumbatia, akanipaka wanja wake shingoni.

Sasa ya Ziyad. Ana mafua. Yameanza juzi.

Nakuandikia ya kweli kama ulivyotaka. Kamasi nyepesi, kikohozi kikavu, homa kidogo jana, leo hana. Anakunywa supu, anakunywa maji, amevunja kikombe. Wagih ametoa maji ya chumvi ya puani, nimemtilia, amenitukana lile tusi la tatu. Sijampa kingine chochote.

Hujui ilivyo ngumu, Safinaz. Wewe unawaambia wanawake wakae wangoje kana kwamba unawapa mapumziko. Mikono inawasha kwa kukosa kazi. Nimekaa kando yake tangu asubuhi, nimemhesabu mara sita, na kila nikimaliza kuhesabu namwona Hamdi, nahesabu tena. Mara ya mwisho ni sasa hivi, amelala, jua la adhuhuri linampiga miguuni. Ishirini na nane. Chini ya mbavu pametulia.

Yakibadilika nitambeba nikimbie, halafu nitakupigia kwa simu ya Wagih, jengo zima lisikilize likitaka. Lakini leo nakuambia mtoto wako ni mzima, Safinaz. Na leo unaweza kuniamini.

Mama yako,
Hajati Inshirah